Dogo wangu kaniuliza "umejuaje?" kuhusu nguva na Nessie, nimekosa jibu. Naombeni msaada

dada_wa_kwanza:

Wakuu habari zenu. Nina mdogo wangu wa miaka 11, anapenda kupita kiasi habari za viumbe wa ajabu, yani nguva, yeti (yule mtu wa manyoya wa milima ya theluji), Bigfoot (ndugu yake wa misitu ya Amerika), yule Nessie anayesemwa anaishi ziwa Loch Ness kule Scotland, majoka, ukimtajia tu kazi ya shule inalala. Juzi kaja na klipu kwenye simu, fupi tu, watu wamezunguka kitu kimelala mchangani, chini mkia wa samaki juu kama kiwiliwili cha mtu, kamera inatikisika, kuna mtu anapiga kelele, afu video inakatika palepale unapotaka kuangalia vizuri. Akaniuliza dada, huyu ni wa kweli? Mimi nilikuwa na haraka zangu nikamjibu huo ni uongo mtupu, achana nao.

Akanyamaza kidogo, afu akasema: umejuaje?

Hapo ndo nilipokwama. Kusema ukweli sikuwa najua, nilikuwa naamini tu kwamba ni uongo kama yeye anavyoamini ni kweli, tofauti yetu ni kwamba mimi nimemzidi umri. Na nikaona nikiendelea hivi namfundisha kwamba anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, kitu ambacho sitaki kabisa akue nacho.

Sitaki kumzima hamu yake, kwanza ndo kitu pekee kinachomfanya asome kurasa nyingi bila kulazimishwa. Nataka aweze kupima mwenyewe. Sasa mtoto wa umri huo unamwanzishia wapi? Naomba na mifano iliyotokea kweli maana huyu mtoto anakagua kila ninachomwambia.

Kipepeo88:

Dada, kwanza rudi kwake umwambie "nilikujibu vibaya, sikuwa najua, twende tukatafute." Hiyo peke yake ni nusu ya somo. Afu kabla hamjafungua kitu chochote muulize swali moja tu: kama kiumbe huyu yupo kweli, kuna vitu gani vingine ambavyo ilibidi tuvikute? Mpe kalamu aandike. Mifupa, mavi, nywele, watoto wake, mabaki ya anachokula. Wacha aandike mpaka achoke, ndo muanze kutafuta kipi kipo.

MzeeDarubini:

Swali la Kipepeo hapo juu ndo lenyewe, mi naongezea nyama. Nimefundisha watoto wa umri huo miaka mingi na kosa ninaloliona sana ni kuanza na viumbe vya uongo. Ukianza na uongo mtoto anajifunza kukataa tu, na kukataa kila kitu sio kupima. Mi huwa naanza na samaki.

Tarehe 22 Desemba 1938, mji wa East London kule Afrika Kusini, kuna dada mmoja anaitwa Marjorie Courtenay-Latimer alikuwa anasimamia jumba dogo la makumbusho. Nahodha wa meli ya uvuvi alikuwa na kawaida ya kumuita aje aangalie samaki wasio wa kawaida. Siku hiyo akaenda, akaona kwenye lundo la samaki pezi la bluu limechomoza, akafukua, akakuta samaki wa karibu mita moja na nusu, magamba magumu, mapezi yamekaa kama vijiguu. Hakumjua. Dereva wa teksi hakutaka hata kumbeba. Hakukuwa na friji ya kumtosha, ikabidi samaki akaushwe na viungo vya ndani vikatupwa, lakini alimchora, akamuandikia barua mtaalamu wa samaki aitwaye J.L.B. Smith. Smith alipouona ule mchoro alishtuka, kwa sababu samaki wa aina ile, yani silikanti, walikuwa wanajulikana kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu na wataalamu waliamini walitoweka pamoja na dinosaria, miaka kama milioni 66 iliyopita.

Sasa angalia kilichofuata maana hapa ndo kuna somo. Hakuna aliyesema "haiwezekani, tupa." Samaki alikuwepo mezani, unamgusa, unahesabu magamba. Lakini pia Smith hakutosheka na samaki mmoja aliyekosa utumbo, akasambaza vipeperushi vyenye picha na ahadi ya pauni 100, akasubiri MIAKA 14 mpaka 1952 alipopatikana wa pili huko Komoro. Na wavuvi wa Komoro wakashangaa hao wageni wanashangilia nini, wao walikuwa wanamjua siku zote, wanamuita gombessa. Siku hizi inajulikana kabisa kwamba silikanti wapo hata bahari ya Tanga.

Baada ya hapo ndo nampeleka mtoto kwa Nessie. Ile picha maarufu ya shingo ndefu inayotoka majini ilitoka gazetini Aprili 1934, ikasemwa imepigwa na daktari, na watu wakaona daktari hawezi kudanganya. Lakini miezi michache kabla yake kuna muwindaji anaitwa Marmaduke Wetherell aliletwa na gazeti hilohilo kumsaka Nessie, akatangaza amekuta nyayo ufukweni, wataalamu wa makumbusho London wakazipima wakasema hizi ni za mguu wa kiboko, tena mguu mmoja uleule uliokaushwa, umegandamizwa kwenye tope tena na tena. Jamaa akaaibika vibaya. Na ilipofika 1994 ikajulikana kwamba hata ile picha ilikuwa mpango wake, mtoto wake wa kambo alitengeneza kichwa na shingo akaviweka juu ya nyambizi ya kuchezea watoto, wakaipiga picha, wakampa daktari aipeleke. Miaka 60 watu wanaibishania.

Muulize dogo: kati ya samaki na picha, kipi mtu asiyekuamini anaweza kukikagua bila kukuuliza wewe chochote? Akilijibu hilo vizuri, mengine atayafika mwenyewe.

Mtazamaji_wa_Mbali:

Nimesoma vizuri ila naomba nitofautiane kidogo. Mnaweka mizani upande mmoja. Yeti anatajwa na watu wa milimani kwa vizazi na vizazi, Bigfoot wamemuona watu maelfu, sasa wote hao ni waongo? Wote walikaa wakapanga? Mbona huyo silikanti wenu wavuvi walikuwa wanamjua na wasomi ndo walikuwa hawajui? Kesho akipatikana yeti mtasema nini? Kukosa ushahidi sio ushahidi kwamba kitu hakipo. Mi naona tunawafundisha watoto kuwadharau watu wanaoishi na hao viumbe na kuwaamini wenye makoti meupe tu.

MzeeDarubini:

Ndugu Mtazamaji, hoja yako nzito na sitaki kuipita juujuu. Nusu yake nakubaliana nayo kabisa.

Wenyeji ndo wanaojua kwanza, mara nyingi sana. Okapi ni hivyohivyo, watu wa msitu wa Ituri kule Kongo walikuwa wanamwinda na kumla, Wazungu wakadhani ni aina ya punda. Mwaka 1900 afisa Mwingereza Harry Johnston akapata vipande vya ngozi yenye mistari, wataalamu London kwa vipande vile wakatangaza ni punda milia mpya. Mwaka uliofuata ikaja ngozi nzima na mafuvu mawili, wakakuta kumbe ni ndugu wa twiga! Mwaka 1992 huko Vietnam watafiti waliona pembe ndefu zimetundikwa kwenye nyumba za wawindaji, pembe ambazo hawakuzijua, ndo akajulikana mnyama anayeitwa saola, mkubwa kama swala mkubwa hivi, na hakuna mwanasayansi aliyekuwa amemuandika kabla ya hapo.

Lakini ona wenyeji walikuwa na nini. Walikuwa na pembe ukutani. Walikuwa na ngozi. Wavuvi wa Komoro walikuwa na samaki kwenye ndoano. Stori ilikuja na kitu.

Kwa yeti vitu vimeletwa pia, na vimekaguliwa kwa heshima, sio kwa dharau. Kwenye monasteri ya Khumjung kule Nepal kulikuwa na kile kilichosemwa ni ngozi ya kichwa cha yeti, mpanda milima Edmund Hillary akaomba aiazime mwaka 1960, ikapimwa, ikaonekana imetengenezwa kwa ngozi ya mnyama wa milimani jamii ya mbuzi. Mwaka 2017 timu ya mwanasayansi Charlotte Lindqvist ilipima vinasaba (DNA) vya masalia 9 yaliyosemwa ni ya yeti, mifupa, jino, ngozi, nywele, mavi. Nane yalikuwa ya dubu na moja la mbwa. Kwa hiyo waliosema tumeona mnyama mkubwa mwenye manyoya akitembea kwenye theluji hawakudanganya, kulikuwa na mnyama. Jina ndo lilikuwa lingine.

Na hiyo hoja yako kwamba kukosa ushahidi sio ushahidi, hapo inategemea umetafuta kiasi gani na wapi. Nikikwambia kuna sindano imepotea baharini na hatujaiona, sawa, haijatuambia kitu. Nikikwambia kuna ng'ombe kwenye hiki chumba tulichokaa na hatumuoni, hapo kutomuona ni jibu. Ziwa Loch Ness lina urefu wa kilomita kama 37 na kina kama mita 230, ni kubwa ila lina mwisho. Mwaka 2018 timu ya mwanasayansi Neil Gemmell kutoka New Zealand ilichota maji sampuli 250 sehemu na vina tofauti, kwa sababu kila mnyama majini anadondosha ngozi, ute, kinyesi, na vinasaba vyake vinabaki vinaelea. Wakakuta samaki, wakakuta hata wanyama wa nchi kavu wanaoishi jirani na ziwa. Mnyama jamii ya reptilia hawakumkuta hata chembe. Mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, ndo ilijaa kila sehemu waliyochota. Na kumbuka Nessie hawezi kuwa mmoja, anahitaji baba na mama na babu na bibi na ukoo mzima ili afike leo, na lenyewe lile ziwa miaka elfu kumi na kitu iliyopita lilikuwa barafu.

Akipatikana yeti kesho nitafurahi kuliko wewe, amini hilo. Nitataka kumuona.

Mshumaa:

Kwenye hili la mashahidi naomba nisimulie kitu changu kwa sababu watu wanadhani ni kuona au kudanganya tu, kumbe kuna katikati.

Nilikuwa na miaka 13. Natoka kwa rafiki yangu usiku, nikamulika tochi mbele, nikaona macho mawili yanawaka kijani, yametulia tu yananiangalia, na yalikuwa juu ya kichwa changu. Nilikimbia sijui nilifikaje nyumbani. Nikasimulia kwamba nimeona kitu kirefu kupita baba, cheusi, kina mabega mapana. Mabega!! Na nilikuwa nayaona kabisa wakati nasimulia, hadi leo nikifumba macho nayaona.

Baba hakucheka. Kesho yake muda uleule akachukua tochi na futi ya kupimia akasema twende unionyeshe uliposimama. Tukasimama palepale, akamulika, macho hayo. Tukasogea. Alikuwa paka amekaa juu ya nguzo ya geti. Baba akanipa futi nipime ile nguzo mwenyewe na ilikuwa inanifikia kifuani. Kifuani, sio juu ya kichwa. Mabega ilikuwa ni mti ulio nyuma.

Sikudanganya hata neno moja. Hofu ilinirefushia ile nguzo. Akanieleza kwamba paka ana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga ndo maana yanawaka, lakini nilichobaki nacho ni ile futi mkononi na namba nisiyoitegemea. Kwa hiyo dada, dogo akisikia shahidi asiulize "mwongo au mkweli", aulize kulikuwa na mwanga kiasi gani, umbali gani, alikuwa na hofu, alisimulia lini, na kuna aliyerudi kupima?

Nanga_ya_Jioni:

Mimi nazungumzia nguva tu maana hapo ndo lugha yetu inatuchanganya, na dogo atalipenda hili.

Kiswahili neno nguva lina watu wawili ndani yake. Kuna nguva wa hadithi, nusu mtu nusu samaki. Na kuna nguva mnyama, yupo kweli, anakula majani ya baharini, anazaa, ananyonyesha, na anapanda juu kuvuta hewa kila baada ya dakika chache. Chuchu zake ziko karibu na kwapa, mkia wake umegawanyika kama wa nyangumi. Nilishamuona mara moja tu nikiwa kwenye boti, jua linazama, kilitoka kichwa cha mviringo taratibu, kikapumua kwa sauti ambayo nakuapia ni ya mtu aliyechoka, kikazama, mwisho mkia ukapunga. Kama ningekuwa sijui ni nini, ningerudi na stori ya mwanamke wa majini na ningekufa nayo.

Columbus mwenyewe Januari 1493 aliandika kwamba ameona nguva watatu wametoka juu kabisa ya maji, ila akasema sio wazuri kama wanavyochorwa. Wanaosoma habari zake wengi wanaona alikutana na ndugu wa huyu mnyama, wale wa upande wa Atlantiki. Hiyo sentensi yake mi naipenda sana kwa sababu alichokiona na alichotegemea kukiona vilipishana na akaandika hivyohivyo.

Na kuna wa kutengeneza pia. Mwaka 1842 mwenye maonyesho P.T. Barnum kule New York aliwatoza watu hela wakaangalie "nguva wa Fiji", kilikuwa kitu kilichokaushwa kimeunganishwa juu kama nyani chini samaki. Yani ile klipu ya dogo wako ina babu zake.

Kingine mwambie, mnyama akiwepo hata akiisha anaacha mifupa. Kulikuwa na ndugu mkubwa wa nguva huko bahari ya kaskazini, anafika mita 8, mtaalamu wa viumbe aitwaye Steller alimuandika safari ya 1741 na kufikia 1768 alikuwa ameshawindwa akaisha. Miaka 27 tu. Lakini mifupa yake ipo makumbusho hadi leo. Huyo wa hadithi ameimbwa karne na karne, mfupa hata wa kidole hakuna.

Mtazamaji_wa_Mbali:

Nimesoma yote. Ile ya paka na futi imenigusa maana na mimi nina stori yangu ambayo sijawahi kurudi kupima. Bado naamini huko kwenye misitu mikubwa kuna vitu hatujaviona, ila nakubali pembe ukutani ni kitu kingine kabisa na "inasemekana".

MzeeDarubini:

Na mimi naamini vipo. Saola ni wa 1992, sio zamani hata kidogo.

dada_wa_kwanza:

Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa. Kwanza asanteni sana, nimemsomea dogo majibu yote kasoro nilipoona ananuna (sehemu ya picha ya 1934 alinuna kwelikweli, alikuwa nayo kwenye daftari).

Nilimuomba radhi kama Kipepeo alivyosema. Hakusema kitu, akaenda kuchukua kalamu.

Tulianza na ile klipu. Tukaisimamisha kwenye picha moja, tukatafuta picha hiyo mtandaoni, tukaikuta sehemu nyingi, na kila sehemu inasemwa imetokea nchi tofauti, tulihesabu nchi nne afu tukaacha. Hakuna hata moja yenye jina la aliyepiga wala kusema yule kiumbe alipelekwa wapi baadaye. Dogo ndo aliyesema hilo la mwisho, mimi sikuliwaza: "dada, watu wote hao wamesimama pale, baada ya video walimfanyaje?" Akaliandika kwa herufi kubwa. WALIMFANYAJE.

Afu akabuni jaribio lake, sijui kalitoa wapi. Aliwaonyesha ile klipu binamu zetu wanne, mara moja tu, akakaa mpaka kesho yake ndo akawapa karatasi kila mmoja sehemu yake wachore walichoona. Mmoja kachora nywele ndefu. Mwingine hakuna nywele kabisa ila kaweka mikono miwili yenye makucha. Wa tatu kamchora amefumbua macho, na uso wenyewe kwenye klipu hauonekani! Mdogo wao kachora samaki wa kawaida. Zimebandikwa ukutani hapa, pembeni yake kaandika sekunde ngapi waliangalia na saa ngapi zilipita.

Nguva mnyama amempenda sana, sasa hivi anataka kujua anakunywa maji ya chumvi au vipi. Nanga jiandae.

Ila ana swali moja limenishinda, anasema nimuulize Mzee. Kasoma kwamba mwaka 1987 walipanga boti 24 mstari mmoja wakapita Loch Ness na mitambo ya sona (inayotuma sauti majini na kusikiliza ikirudi), na kuna kitu kikubwa kuliko samaki kikaonekana chini na hawakusema ni nini. Anauliza, hicho kwa nini kisihesabiwe upande wa Nessie?

MzeeDarubini:

Mpe mkono huyo mtoto kwa niaba yangu.

Mwambie ni kweli, zilionekana alama chache kwenye sona ambazo hazikujulikana ni nini. Sona inakuambia kuna kitu kimerudisha sauti, haikuambii sura yake. Anaweza kuwa sili aliyeingia, inaweza kuwa takataka inayoelea, au kundi la samaki limejikusanya, au kitu kingine. Akiliweka upande wa Nessie atakuwa amejaza jina ambalo mtambo haukulitaja, na akiliweka upande wa "hakuna" atakuwa amefanya kosa hilohilo. Basi alipe ukurasa wake kwenye daftari, juu aandike Sona, 1987, boti 24, na chini aache nafasi wazi.